Mwalimu Aliyesikia kwa Meno

Jina lake silitaji. Aliyekaa mtaa wetu anamjua, na asiyekaa, hata nikilitaja halitamfaa kitu. Sisi tulimwita Mwalimu, watoto walimwita Mwalimu, na mkewe alipokuwa hai naye alimwita hivyo hivyo, mbele za watu na nyuma ya pazia. Alizaliwa na nani, ukoo gani, hayo kawaulizeni wengine; Bagamoyo hapakosi watu wa kuhesabiana nasaba. Mimi naeleza niliyoyaona. Ua wangu na baraza yake vilitengwa na ukuta mmoja wa udongo, na ukuta wenyewe ulikuwa mfupi.

Sikusoma sana. Nilijifunza herufi, nikasoma juzuu moja, ile ya mwisho yenye sura fupi, kisha nikaozwa. Kwa hiyo msitafute humu maneno ya kupambwa.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye shingo ndefu, na kofia yake aliifua mwenyewe, hata mkewe alipokuwapo. Alisema wanawake wanaifua kama wanafua kaniki. Alikuwa na bakora ya mpingo, nyeusi, nzito, na kichwa chake kilikuwa kimeliwaliwa. Aliila yeye. Akifikiri alikitia kichwa cha bakora mdomoni akakitafuna polepole, kama mtoto anayeota meno. Mtu huyohuyo alimchapa mtoto wa chuo chake cha Kurani kwa kutafuna kalamu ya tete. Siku moja nikamwambia juu ya ukuta, "Mwalimu, unamchapa mwenzio?" Akanitazama. "Kalamu ni ya chuo," akasema. "Bakora ni yangu."

Tuligombana kwa sababu ya kuku. Kuku wangu walipita ukutani wakatembea juu ya mbao za watoto wino haujakauka, na kila ubao ukawa na nyayo. Akaja na ubao mmoja mkononi kunionyesha. "Soma hapa," akasema. "Kuku wako ameandika." Nikamwambia mimi sikuwahi kufika juzuu ile. Hakucheka. Alikuwa hacheki kwa maneno ya watu, alicheka peke yake baadaye, nikamsikia upande wa pili wa ukuta.

Maji ya kuoshea mbao hayamwagwi ovyo, kila mtu anajua, maneno yaliyomo si ya kukanyagwa. Yeye aliyamwaga kwenye shina la mdimu uliokuwa pembeni ya baraza. Aliniambia kwamba kwa maji yale ndimu zake hazina ukali. Zilikuwa kali kama ndimu nyingine zote, nilizipikia miaka mingi. Lakini alikula kipande mbele yangu bila kukunja uso, ili kunithibitishia, na jicho moja likamtoka machozi.

Chakula changu alikirudisha mara nyingi. Kikizidi chumvi alikirudisha, kikipungua alikirudisha. Mkewe alipokufa nilimpelekea chakula siku zote za matanga na hakurudisha hata sahani moja. Nikajua ameumia.

Sasa nieleze kusikia kwake, maana hilo ndilo nililokusudia.

Chuoni watoto hawasomi kwa zamu. Wanakaa mkekani, kila mmoja na ubao wake, na kila mmoja anasoma yake kwa sauti, huyu yuko mwanzo wa juzuu, yule katikati, yule ndiyo kwanza anataja herufi. Mgeni akipita husikia kelele kama ya kunguru kwenye samaki. Mwalimu alikaa amefumba macho, bakora mdomoni, na katikati ya kelele ile alimsikia mmoja. Kidole kinainuka. "Wewe wa karibu na nguzo. Rudia." Na kweli, wa karibu na nguzo alikuwa amekosea. Mimi natwanga upande wa pili, nasikia zogo tupu. Nilimuuliza anafanyaje. Akasema, "Sikio lina mkono. Linachagua."

Kidole chake ndicho kilichokuwa hukumu. Kikiinuka, umekosa. Kisipoinuka, endelea. Hakumsifu mtoto hata siku moja, lakini mara chache alisema "Rudia" bila kuinua kidole. Hapo mtoto alijua amesoma sawasawa, na Mwalimu anataka kusikia tena. Watoto walirudi nyumbani wakisimulia: leo nimeambiwa rudia, kidole chini. Mama zao waliwakaangia yai.

Mjukuu wangu Mwanaidi aliambiwa hivyo kabla hajang'oka meno ya mbele. Mama yake, binti yangu, alikufa siku aliyomzaa. Nilimlea mimi. Hakuwa mtoto wa kudekezwa na sikumdekeza, lakini yai nilimkaangia.

Sikio la Mwalimu lilikufa polepole, na yeye alilificha. Hapa ndipo nilipomwona mtu aliyewachapa watoto wakisema uongo akiwa mwongo kuliko wote. Salamu alizijibu kwa kukariri: salama, salama, alhamdulillahi, na kwako. Ukimwambia "Mwalimu, shikamoo," alijibu salama badala ya marahaba, na watu wakadhani amekasirika. Ukimwambia mbuzi wako amekufa, alijibu alhamdulillahi. Jirani mmoja alitaka kupigana naye kwa jambo hilo la mbuzi.

Na chuoni neno lake lilimsitiri. Aliinua kidole mara kwa mara, popote tu, akasema "Rudia." Nani angejua? Mtoto akiambiwa rudia anadhani amekosa. Wengi walikuwa kweli wamekosa. Ikaendelea hivyo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Ilivunjika msibani. Kijana mmoja aliyehitimu kwake aliombwa asome, watu wamekaa kimya ndani na nje. Akasoma, akaruka. Hakuruka neno, aliruka fungu zima, akatua mbali, akaendelea kwa sauti nzuri kabisa. Wazee wakatazamana. Mwalimu alikuwa amekaa safu ya mbele, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo watu wakajua.

Baba wa kijana yule alisema hadharani, "Mwanangu kasomeshwa na ukuta." Mwanamke mmoja wa mtaa wetu akajibu, "Sikio la kufa halisikii dawa." Akalisema hatua mbili kutoka alipokaa Mwalimu. Mwalimu akamwitikia: "Salama, salama, na kwako."

Sikucheka. Wengine walicheka.

Basi akaanza kutafuta dawa ya kusikia. Kwa Mhindi mwenye duka la vyombo kulikuwa na chombo cha shaba, mfano wa tarumbeta fupi, upande mmoja mdomo mpana, upande wa pili mwembamba wa kutiwa sikioni. Kilitoka Bombay. Yule Mhindi alimwambia kwa kumpigia kelele, na mtaa mzima ukasikia, "Mwalimu! Hiki, utasikia mpaka siafu wakitembea!" Mwalimu akatoa kiti chake cha mpingo, kile cha kazi ya kuchonga, akabadilishana nacho. Hakikuwa kiti cha kutolewa hivyo, lakini ndilo alilofanya.

Alikuja nacho nyumbani kimefungwa kitambaa. Akakaa barazani, akakitia sikioni, akaniita ukutani. "Sema."

"Niseme nini?"

Akaruka kama amechomwa. Akakitoa, akakitazama ndani, akakitia tena. "Sema polepole. Usinipigie kelele."

"Sijapiga kelele, Mwalimu."

"Basi kimepiga chenyewe."

Watoto walikiita birika. Alikivaa mwezi mzima, na kila siku uso wake ulizidi kukunjamana. Nilidhani sikio lake ndilo baya, na wengi walisema hivyo. Yeye alikataa. Alikaa akakichunguza kama anavyochunguza ubao wa mtoto, akanieleza kasoro zake moja moja, kwa muda mrefu, nami nachagua mchele. Alisema kwanza kinabeba kila kitu sawasawa. Sauti ya mtoto aliye mbele yake, na kunguru juu ya paa, na punda wa mtaa wa nyuma, na mchi wangu, vyote kinavimwaga sikioni kwa pamoja, na hakuna kinachopishana. "Sikio lina mkono," akasema. "Hiki kina mdomo tu." Tena shaba ina sauti yake yenyewe. Mtu akisema neno, shaba nayo inasema, na neno linafika likiwa limevaa mlio, kama mtu anayezungumza ameingiza kichwa ndani ya sufuria. Watu wote wakawa na sauti moja. Alisema hawezi kumpambanua Mwanaidi na mtoto wa kinyozi.

Na herufi nyembamba, zile za pumzi, zilipotea. Kilichofika ni kishindo cha neno bila ncha zake. Mtoto anasoma, yeye anasikia mtu anapiga pipa. Halafu hakikukaa. Tundu lake lilikuwa la sikio la mtu mwingine. Kwake palibaki upenyo, upepo ukaingia humo ukapiga mluzi, na akikikandamiza ili kizibe kinamkwaruza, na kukwaruza kwenyewe kunasikika kuliko maneno. Jua likipanda kilipata moto. Sikio likavimba.

"Kelele kinaniletea," alisema. "Maneno hakiniletei. Punda naye ana sauti kubwa, hatumpi mimbari."

Akakirudisha dukani. Nilikuwapo, nilikwenda kununua sindano. Mhindi akaudhika. "Mwalimu, kitu hiki Bombay wanavaa matajiri!" Ikabidi ayaseme mara nyingi. Hatimaye Mwalimu akaelewa.

"Basi matajiri wa Bombay," akasema, "hawana haja ya kusikia. Wamekwisha kusikilizwa."

Kiti hakikurudi.

Mpagazi mmoja wa bara, aliyeshuka na msafara, akamletea pembe ya tandala iliyokatwa ncha. Hii haikuwa na mlio wa shaba. Ilikuwa na ubaya mwingine: sauti ilipita kwenye mzunguko wa pembe ikafika imechoka, kama mtu anasema chini ya blanketi. Tena ilinuka. Baadaye mwanamke wa Kikwere kutoka Kerege akampa kibuyu kidogo, kimetobolewa, kimezungushiwa nta ili kikae sikioni. Kilikaa vizuri mno. Akakitia, akatulia, akasikiliza kwa muda, nikadhani tumepata.

"Unasikia?" nikamfanyia ishara.

"Nasikia."

"Nini?"

"Damu yangu."

Akakitundika kwenye mdimu. Ndege wakakitagia.

Tangu hapo hakutafuta tena. Alisema sikio halilali na njaa, ndivyo walivyosema wahenga, lakini la kwake limelala, na limelala bila kula.

Wazee wa mtaa walikuja kumwona. Nilipeleka kahawa. Wakaandika maneno yao juu ya ubao, maana kuongea hakukufaa. Walikuwa na adabu, sitawasingizia. Kuna mwalimu kijana ametoka Unguja, amesoma, sauti yake nzuri, hana kazi. Mwalimu apumzike. Chuo kiende kwa kijana. Mwalimu akasoma ubao, akauosha mwenyewe kwa maji, akaumwagia mdimu. Wakamngoja.

"Nina mtoto mmoja amebakiza juzuu mbili," akasema. "Sitamwacha njiani."

Mtoto mwenyewe ni Mwanaidi.

Mzee mkubwa akaonyesha sikio lake, akafungua mikono, yaani: utamsikiaje? Mwalimu akamjibu kwa sauti ile ya viziwi inayopanda bila wao kujua: "Mwezi wa kufunga ukiisha mje hapa barazani. Asome mbele yenu. Nikishindwa kumsikia, mchukueni yeye na mkeka."

Walikubali. Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma ya mlango wangu, amesikia yote. Akaniuliza, "Bibi, atanisikia?" Nikamwambia aende akateke maji. Mtoto asiyekuwa na jibu ni afadhali awe na kazi.

Mwezi wa kufunga ukaingia. Alimsomesha kwa kumtazama midomo. Midomo inasema nusu, nusu nyingine iko kooni, na kooni hakuna macho. Alimkosoa palipokuwa sawa, akamwacha palipoharibika, na Mwanaidi alijua. Alikuja nyumbani akanyamaza. Ukimuuliza anasema, "Salama, salama." Nikampiga kofi kwa kumwiga mtu mzima. Halikuwa kofi kubwa.

Alasiri moja Mwalimu aliingia uani kwangu kurudisha ungo. Mimi nilikuwa natwanga mpunga kwa ajili ya futari. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi akanisubiri nimalize, kama desturi yake, bakora mbele yake, kichwa cha bakora mdomoni. Mguu wa bakora ulikuwa umeegemea kinu changu. Nikashusha mchi.

Akashtuka. Akaitoa bakora mdomoni, akanitazama. Nikashusha tena. Hakuna kitu. Akaitia tena bakora mdomoni, safari hii kwa meno, akaikaza.

"Twanga," akasema kwa meno yaliyofumba.

Nikatwanga.

"Mchi wako una ufa," akasema.

Mchi wangu ulikuwa na ufa. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Hakusema alhamdulillahi, hakusimama, hakulia. Alikaa palepale akiwa ameng'ata bakora, nami nikaendelea, mpaka mpunga ukaisha na nikawa natwanga kinu kitupu. Kisha akasema, "Niitie mtoto."

Mwanaidi akaja. Mwalimu akamwekea ncha ya bakora kooni, hapa chini ya kidevu, akamwonyesha namna ya kuishika kwa vidole viwili. Yeye akang'ata kichwa. "Soma." Mtoto akasoma, sauti inatetemeka, bakora imenyooka baina yao kama kamba ya kuanikia nguo. Nilimtazama Mwalimu usoni. Nimesema shaba ilimkunja uso kila siku. Ule uso ulifunguka. Sina neno jingine.

Baadaye nilimuuliza, kwa kushika ncha kooni mwangu mwenyewe juu ya leso, inakuwaje mti uliokufa unashinda shaba ya Bombay. Akasema mti hauna mdomo wazi, hauokoti ya njiani. Unachukua kwa yule uliyemgusa tu, unaleta kwa yule aliyeung'ata tu. Hautii mlio wake. "Na koo," akasema, "ni karibu kuliko hewa."

Ilikuwa ndogo, alisema. Sauti ndogo, mbali, lakini ni yake mtoto.

Idi ikapita, wazee wakaja. Mwalimu kijana wa Unguja akaja nao, akakaa mwisho wa mkeka kwa heshima. Mwanaidi amevaa leso mpya. Mwalimu akatoa bakora, akampa ncha, akang'ata kichwa, na pale kila mtu akaona. Mzee mmoja mwenye mdomo akasema, "Haya! Leo bakora inamla nani?" Mwingine akasema, "Njaa ya mfungo haijamtoka." Wakacheka kidogo. Kijana wa Unguja hakucheka.

Mwanaidi akasoma. Mwalimu alifumba macho kama zamani. Mtoto akasoma mbali, kuku wangu wakapita, hakuna aliyewafukuza. Kidole kikainuka.

"Umevuta mno. Rudia."

Wazee wakamtazama kijana wa Unguja. Kijana akasema, "Kweli. Amevuta mno."

Mwanaidi akarudia, akasawazisha, akaendelea. Kidole hakikuinuka tena. Alipofika mwisho Mwalimu alikaa bila kufungua macho. Kisha akasema, "Rudia," na kidole kilikuwa chini, juu ya goti.

Wazee walikubali kwamba amesikia. Hawakumwonea. Lakini walisema pia jambo la kweli, kwamba hakuna mzazi mwingine atakayemleta mtoto wake aje kuwekewa fimbo kooni, na kwamba watoto hawawezi kusoma mkekani wote pamoja kama bakora ni moja. Kwa hiyo mkeka ukaenda kwa kijana. Mwanaidi akabaki. Mwalimu aliwaomba aitwe mwanafunzi wake mpaka ahitimu, na wakampa hilo. Mwalimu aliosha mbao zote za chuo siku ile, akazianika ukutani zikiwa tupu, wakaja kuzichukua.

Barazani pakawa kimya. Ilinibidi nizoee.

Mwanaidi alihitimu. Tulimzungusha mtaani kama inavyopasa, amefukizwa udi, wanawake wanapiga vigelegele ambavyo Mwalimu hakuvisikia. Alitangulia mbele na bakora yake yenye alama za meno. Nilipika wali. Hakurudisha sahani.

Halafu ukaja ule mwaka wa mizinga. Sitausimulia, wako wengi wanaousimulia na kila mmoja ana wake. Merikebu zilipiga mji kutoka baharini, nyumba zikaanguka, watu wakatoka na walivyovaa. Mimi nilimshika Mwanaidi mkono na kuku mmoja kwapani. Ukuta wetu ulikuwa umelala, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Tulikwenda kusini, Zinga, tukakuta pamejaa, tukaendelea mpaka Kerege. Kule tulilala kwenye kibanda cha watu wengi. Ndui ikaingia kibandani.

Mwanaidi aliugua katikati ya mvua. Nilimpa uji, akashindwa, nikampa maji. Siku ya mwisho alikuwa anasoma, midomo inakwenda bila sauti. Nilimwekea kidole kooni. Palikuwa panatetemeka kidogo. Kisha hapakutetemeka.

Tulimzika pale pale. Sikulia. Watu walinisema, wakasema bibi huyu ni jiwe. Nilikwenda kuchota maji ya watu wote.

Mambo yalipotulia tukaambiwa mji unakalika. Nikarudi kwa miguu, na kule Zinga, kando ya nyumba ya watu wasionijua, nikamwona Mwalimu. Amekaa chini, amekonda zaidi, kofia chafu. Nilijua amechoka kwa kofia ile. Bakora iko mapajani.

"Mwalimu, shikamoo."

"Salama, salama," akasema. "Alhamdulillahi. Na kwako." Kisha akanitambua. Akasogea kunipisha kivulini. Nikaketi.

Alizungumza yeye kwanza, kwa ile sauti ya juu. Alisema alitoka mjini na watu wa mtaa wa nyuma. Alisema mizinga hakuisikia kwa sikio, lakini alikuwa amekaa barazani ameng'ata bakora, mguu wa bakora uko chini, na ardhi ikamletea. "Yote," akasema. "Safi kabisa. Tangu siku ile sijaing'ata. Sitaki kusikia kitu."

Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa.

Akatazama nyuma yangu, njia niliyotoka. Akatazama tena.

"Mtoto yuko wapi? Anasoma?"

Nilitikisa kichwa, kwamba hapana. Mtu yeyote angelielewa. Nadhani alielewa. Alikaa. Mwenye nyumba akatoka akatutazama akarudi ndani.

Kisha akaichukua bakora mapajani. Akaipangusa kichwa kwa kanzu yake, akageuza ncha kwangu.

"Sema," akasema.

Sikuwa nimelisema neno lile. Kerege hapakuwa na haja, waliokuwapo waliona kwa macho, na njiani sikukutana na mtu wa kumwambia. Nilitengeneza leso yangu, nikaiweka ncha chini ya kidevu. Ilikuwa baridi. Yeye akaitia bakora menoni, akaikaza, akafumba macho.

"Mwanaidi amekufa," nikasema.

Nilihisi bakora inanikaa kooni.

"Rudia," akasema.

Nikamtazama mkono. Kidole kilikuwa chini, juu ya goti.

"Mwanaidi amekufa, Mwalimu. Nimemzika Kerege."

Kidole hakikuinuka.